Jiwe lile lile kutoka angani, mara mbili: kwa nini studio mbili hutengeneza picha moja kwa wakati mmoja?

#1 MzeeWaKanda (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wakati huu. Uzi huu nimeukalia muda mrefu, leo naushusha. Ni mrefu, mwenye haraka aweke kambi arudi usiku.

Mwaka 1999 nilikuwa nashinda kwenye laibrari ya kanda mtaani kwetu Magomeni. Jioni moja kaka yangu akarudi na kanda mbili. Tukaweka ya kwanza kwenye deki: jiwe linakuja kutoka angani, Wamarekani wanarusha chombo chenye mabomu ya nyuklia wakalipasue. Tukaweka ya pili: jiwe linakuja kutoka angani, Wamarekani wanarusha chombo chenye mabomu ya nyuklia wakalipasue. Nyumba nzima ilibishana kama ya pili ni mwendelezo wa ya kwanza. Marehemu mama akakata shauri: "Hao wameibiana tu."

Picha zenyewe ni Deep Impact, iliyotoka Mei 1998, na Armageddon, iliyotoka Julai mwaka huo huo. Hazikupishana hata miezi miwili. Nami nilibaki na hukumu ya mama kwa miaka mingi, mpaka nilipoanza kuandika miswada mwenyewe na kuchimba mambo haya.

Sasa tufuatane polepole. Mwaka 1980 wanasayansi wa Marekani Luis Alvarez na mwanawe Walter walitoa hoja kwamba dinosaria walimalizwa na jiwe kutoka angani. Wengi walibisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanasayansi wakalitambua shimo kubwa la Chicxulub huko Meksiko, hoja ikapata miguu. Kisha Julai 1994 vipande vya nyotamkia Shoemaker-Levy 9 vikaigonga sayari ya Mshtarii (Jupiter), na dunia nzima ikaona picha za makovu yake kwenye magazeti na runinga. Kila mwandishi wa Hollywood aliyekuwa na televisheni aliona. Kila bosi wa studio aliona. Picha kubwa ya aina ile, kuanzia wazo mpaka ukumbini, inakula miaka mitatu au minne. Chukua 1994, ongeza minne.

Hakuna aliyehitaji kuchungulia daftari la jirani. Wote walikuwa wanatazama anga moja.

Tena hata Deep Impact haikuzaliwa siku ile ya Mshtarii. Mizizi yake inarudi kwenye mpango wa miaka ya 1970 wa kuirudia picha ya 1951 iitwayo When Worlds Collide, na mwongozaji Steven Spielberg naye alikuwa amenunua haki za riwaya ya Arthur C. Clarke yenye kisa cha aina hiyo. Wazo lilikuwa limelala droo. Habari za 1994 zililiamsha, na zikaamsha droo nyingine nazo.

Mwaka mmoja kabla ilikuwa volkano: Dante's Peak Februari 1997 na Volcano Aprili 1997. Kisha sayari ya Mars: Mission to Mars na Red Planet, zote mwaka 2000, baada ya chombo cha Pathfinder kutua kule mwaka 1997. Hizo sizichimbi, njia ni ile ile.

Ninachotaka tukichimbe ni kile kinachotokea pale wazo linapopita mikononi mwa watu. Hapo ndipo panapouma. Karibuni.

#2 Mswada Mkononi

Nimeweka kambi mkuu. Ila kabla hujaenda mbali, tofautisha mambo mawili. Kuna tukio la dunia nzima kama hilo la nyotamkia, na kuna wazo lililoandikwa na mtu mmoja chumbani kwake akalipeleka mahali. Usije ukayafunika kwa blanketi moja.

#3 MzeeWaKanda

Mswada Mkononi, umegusa penyewe. Katikati ya hayo mawili kuna kitu cha tatu, nacho ni mnada.

Oktoba 1992 jarida la The New Yorker lilichapisha makala ndefu ya Richard Preston kuhusu virusi vya jamii ya Ebola vilivyozuka mwaka 1989 kati ya kima wa maabara huko Reston, Virginia, jirani kabisa na Washington. Makala inatisha. Studio zikagombea haki zake kama wachuuzi wanavyogombea jodari akishushwa asubuhi. Studio ya Fox wakashinda. Prodyuza Arnold Kopelson akakosa.

Aliyekosa hakurudi nyumbani kulala. Alikuwa ameshaisoma makala, ameshaona picha kichwani, na labda ameshapiga hesabu ya tiketi. Alichokosa ni haki za makala ya Preston tu. Ugonjwa wenyewe hauna mwenyewe. Akaenda studio ya Warner Bros., wakabuni kirusi chao wakakiita Motaba, wakabuni mji wao na madaktari wao, mbio zikaanza.

Fox walikuwa na kila kitu: haki, Ridley Scott kama mwongozaji, Robert Redford na Jodie Foster kama nyota. Lakini muswada haukukaa sawa, nyota wakaondoka mmoja mmoja, na mwaka 1994 mradi ukafa. Picha ya aliyeshindwa mnadani, Outbreak, ikaingia kumbini Machi 1995 na kupata takriban dola milioni 190 duniani.

Hiyo ndiyo siri ya kwanza ambayo mtu wa nje haioni. Wakala wa mwandishi akiwa na kitu kizuri, hukituma kwa wanunuzi wengi kwa mpigo ili bei ipande. Mmoja atanunua. Waliobaki, watano au kumi, wanabaki na njaa na tayari wamejua chakula kinapikwaje. Mnada unauza hadithi kwa mmoja na kuwapa hamu wengine wote.

#4 Wa Mlima Elgon

Asante sana kwa hili. Mimi nimekulia Trans Nzoia, na kwenye maandishi ya Preston sisi tumo. Pango la Kitum liko Mlima Elgon, lile ambalo tembo huingia usiku kukwangua chumvi ukutani. Mwaka 1980 na tena 1987, wageni waliokuwa wamelitembelea waliugua virusi vya Marburg wakafa. Wazee wetu walikuwa wanatuambia tusiingie ndani sana, sisi tukidhani ni hadithi za kutisha watoto.

Sasa fikiria. Kwenye mradi uliokufa kungekuwa na nafasi ya pango letu, mahali halisi penye jina. Kwenye picha iliyotoka, tukapata kirusi cha kubuni na kambi ya wapiganaji huko Afrika inayounguzwa kwa bomu dakika za mwanzo. Mashindano haya yana gharama ambayo watu hawaitaji: anayekimbia bila haki za kisa cha kweli hulazimika kukwepa ukweli, maana ukweli umeshanunuliwa na mwenzake.

#5 Kaka wa Goma

Naongezea hapo. Mto Ebola uko kwetu Kongo, na ugonjwa ulipewa jina hilo mwaka 1976. Picha ile ilitoka Machi 1995. Mei 1995 Ebola ikatangazwa Kikwit, watu zaidi ya mia tatu wakaugua na wengi wao wakafa. Yaani Wamarekani walikuwa bado ukumbini wanatazama mchezo, na sisi tunazika. Miaka ya 2018 hadi 2020 ikaja upande wetu wa mashariki, Beni na Butembo. Nilimsindikiza shangazi kunawa mikono mpakani kila siku. Siwezi kuitazama picha ile tena.

#6 MzeeWaKanda

Kaka wa Goma, pole sana, na asante kwa kulisema. Na wewe wa Mlima Elgon, hoja ya ukweli kununuliwa sikuwa nimeiwaza hivyo hata siku moja. Nimeiandika kwenye daftari.

#7 Binti Chumbageni

Shikamoo wakubwa. Mbona mnazungumzia Hollywood tu? Sisi wa Tanga tumelelewa na picha za Kihindi, na huko kuna kisa kikubwa kuliko vyote.

Bhagat Singh, kijana aliyenyongwa na Waingereza Lahore tarehe 23 Machi 1931 akiwa na miaka 23. Mwaka 2002 zilitoka picha tatu juu yake ndani ya takriban wiki moja. Moja mwishoni mwa Mei, aliyecheza Sonu Sood. Halafu Juni 7, siku moja, zikaingia mbili: The Legend of Bhagat Singh ya Ajay Devgn, na 23rd March 1931: Shaheed ya Bobby Deol. Siku moja! Babu alikodi zote kwa nyakati tofauti na sisi wajukuu tukalia mara mbili kwa kifo cha mtu yule yule.

Hakuna iliyofanya vizuri sokoni. Watu hawana nauli ya kwenda kumtazama steringi mmoja ananyongwa kumbi mbili. Lakini Ajay Devgn alipata tuzo ya taifa ya mwigizaji bora kwa ile yake, na muziki wa A.R. Rahman mpaka leo nausikiliza.

Hapo nani aliiba? Shujaa ni wa taifa zima. Nadhani kila mmoja alimngojea mwenzake aachie, na hakuna aliyeachia.

#8 Tochi ya Usiku

Mkuu mwanzisha uzi, kwa heshima zote, naona unawasafisha wezi. Tueleze ile ya sisimizi. Picha mbili za katuni za kompyuta, mwaka mmoja, zote sisimizi mfanyakazi asiyefanana na wenzake. Na hiyo napo walikuwa wanatazama anga?

#9 MzeeWaKanda

Tochi, hiyo niliihifadhi kwa makusudi kwa sababu ndiyo inayonitesa. Nitaieleza yote.

Jeffrey Katzenberg alikuwa mkuu wa studio za Disney. Mwaka 1994 akaondoka kwa ugomvi, na ndani ya mwaka huo huo akaanzisha DreamWorks pamoja na Spielberg na David Geffen. Pixar, studio ya katuni za kompyuta, walikuwa wanatengeneza picha zao chini ya mkataba na Disney. John Lasseter wa Pixar alisema kwamba mwaka 1995 alimweleza Katzenberg, kama rafiki, kwamba kazi yao inayofuata ni ya wadudu. Baadaye akasikia DreamWorks wana picha ya sisimizi, Antz. Lasseter na Steve Jobs, mwenye Pixar, walisema waziwazi kwamba wamesalitiwa. Katzenberg akajibu kwamba wazo la Antz lilitoka kwa Tim Johnson tangu 1991, kabla ya mazungumzo hayo.

Sasa angalia tarehe. Antz ilikuwa imepangwa Machi 1999. Ikasogezwa mbele hadi Oktoba 1998, ikaitangulia A Bug's Life ya Pixar, ya Novemba. Kwangu mimi ushahidi wa kwamba mtu anakimbizana na mwenzake uko kwenye tarehe kuliko kwenye hadithi. Hadithi zinaweza kufanana kwa bahati. Picha ya katuni hairuki miezi mitano mbele kwa bahati.

Lakini kuwa mkweli pia upande wa pili. Kompyuta za miaka ile zilichora vizuri vitu vigumu vyenye uso wa kuteleza: plastiki, ganda, chuma. Nywele na ngozi ya binadamu zilikuwa mateso. Ndiyo maana picha ndefu ya kwanza ya Pixar ilikuwa ya wanasesere. Ukijiuliza ni kiumbe gani mwingine ana ganda gumu, na anaishi kwa maelfu kiasi kwamba unaweza kumnakili, unafika kwa sisimizi haraka sana. Chombo chenyewe kilikuwa kinawasukuma wote kwenye shimo moja. Na kisa cha panzi na sisimizi ni cha kale, hakina mrithi.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: wazo huenda halikuibiwa, lakini taarifa ilitumika. Mtu aliyejua ratiba ya mwenzake aliitumia. Ni jambo baya kwa rafiki, na hakuna mahakama inayolihukumu.

Na tazama matokeo. Antz iliwahi, ikapata kama dola milioni 170. A Bug's Life ilichelewa, ikapata zaidi ya milioni 360. Armageddon nayo ilikuja ya pili, ikapata takriban milioni 553 dhidi ya 349 za Deep Impact. Lakini Dante's Peak iliwahi na ikaishinda Volcano. Mabosi wanakimbilia tarehe wakiamini wa kwanza ndiye anayekula. Hesabu haziwaungi mkono.

#10 Mswada Mkononi

Naomba niweke upande wa sheria, maana vijana wengi wanaumia hapa.

Hakimiliki hailindi wazo. Inalinda namna ulivyoliandika. Mkataba wa kimataifa wa TRIPS, unaohusu haki za ubunifu katika biashara, kifungu cha 9, unasema hivyo, na sheria zetu, ile ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999 na ile ya Kenya ya 2001, ziko kwenye msingi huo. Ukisajili muswada COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, umesajili maneno, wahusika kama ulivyowachora, mpangilio wa matukio. "Jiwe linakuja duniani" hujalisajili na huwezi.

Ila mkataba ni kitu kingine. Mnaikumbuka Coming to America ya Eddie Murphy, mwana wa mfalme wa Kiafrika anayekwenda New York kutafuta mchumba? Mwandishi Art Buchwald alikuwa ameiuzia studio ya Paramount wazo la mfalme wa Kiafrika aliyekwama Marekani, kwa mkataba ulioandikwa. Picha ilipotoka mwaka 1988 jina lake halikuwemo. Akashtaki. Mwaka 1990 mahakama ya California ikampa haki, na msingi haukuwa wizi wa maandishi. Msingi ulikuwa mkataba: mlikubaliana mkitengeneza picha inayotokana na kazi yake mtamlipa, na mmetengeneza. Mwaka 1992 akapewa dola 150,000 na prodyuza mwenzake 750,000, huku studio ikidai picha ile iliyoingiza mamia ya milioni haikuwa na faida halisi hata senti.

Kwa hiyo kabla hujasimulia kisa chako mezani, kuwe na karatasi. Hata barua pepe moja inayosema "nimekuletea hiki, tukielewana nitalipwa" ina uzito kuliko uchungu wako wote.

#11 Tochi ya Usiku

Nimeelewa. Lakini wakishajua wenzao wana hadithi hiyo hiyo, kwa nini wasiache? Si hasara?

#12 MzeeWaKanda

Wengi wanaacha, Tochi. Hatuwaoni kwa sababu picha iliyoachwa haina bango. Ile ya Fox ya virusi ni mfano. Tunaona zile mbili zilizokataa kufa, tunadhani ndiyo kawaida.

Wasioacha, mara nyingi pesa imeshamwagika: nyota ameshasaini na analipwa hata asipocheza, seti zimeshajengwa. Kuacha ni hasara ya hakika, kuendelea ni hasara ya labda. Mkuu wa studio anayeacha kisha mwenzake akatajirika, kazi yake imekwisha.

Wengine wanasogea pembeni. Mwaka 2005 kulikuwa na picha mbili za mwandishi Truman Capote, kipindi kile kile cha maisha yake, alipokuwa anaandika kitabu cha mauaji ya Kansas. Capote ikatangulia, na Philip Seymour Hoffman akachukua Oscar. Ya pili, Infamous, ikahifadhiwa mpaka Oktoba 2006. Toby Jones anacheza vizuri sana mle, vizuri kabisa, na karibu hakuna aliyemwona. Hilo linaniumiza kuliko mabilioni ya majiwe.

Lakini kuna waliofanya la tatu, na ndiyo sababu halisi ya mimi kuandika uzi huu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati majengo pacha ya World Trade Center yanapanda New York, waandishi tofauti waliandika riwaya za ghorofa refu linaloungua: The Tower na The Glass Inferno. Warner wakanunua haki za moja kwa karibu dola 400,000. Fox wakanunua nyingine kwa bei hiyo hiyo. Prodyuza Irwin Allen akaona wanakwenda kuunguzana. Akawaketisha. Wakagawana gharama nusu kwa nusu, kama dola milioni 14 kwa jumla, wakachanganya wahusika wa riwaya zote mbili, hata jina wakaliunganisha: The Towering Inferno, 1974. Fox wakauza Marekani, Warner wakauza kwingine. Steve McQueen na Paul Newman walipimiwa mpaka idadi ya mistari ya kusema ili asiwepo mdogo. Ikachukua Oscar tatu.

Miaka hamsini imepita na bado ni nadra sana kuona walioketi hivyo.

#13 Mswada Mkononi

Mkuu, umesema ulianza kuchimba ulipoanza kuandika. Nini kilikutokea?

#14 MzeeWaKanda

Mwaka 2011 niliandika muswada wa dereva wa daladala anayekuta mtoto mchanga ameachwa kiti cha nyuma, gari limeshafika mwisho wa ruti. Nilimsomea prodyuza mmoja sebuleni kwake, wote, kwa sauti, na mke wake alituletea chai. Hakuna karatasi. Akasema atanipigia. Mwaka uliofuata ikatoka picha ya kampuni nyingine ambayo kondakta anakuta mtoto kwenye basi la mkoani.

Nilimtukana yule mzee kwa simu. Nilimwita majina ambayo siwezi kuyaandika hapa. Baadaye sana nikaja kufahamu kwamba mwaka ule redio zote zilikuwa na habari za watoto wanaotupwa, na mwenyewe nililipata wazo langu kwenye taarifa ya saa mbili usiku. Wangapi waliisikiliza taarifa ile? Na ukikaa Dar, mtoto huyo utamwacha wapi kwenye hadithi kama si ndani ya gari?

Nilikwenda kumwomba radhi. Alinipokea. Kama alisimulia kwa mtu au hakusimulia, sikumuuliza, naye hakusema.

#15 Binti Chumbageni

Nimesoma #12 na #14 jana usiku nikakosa usingizi. Nina muswada wa akina mama wanaolima mwani, bibi mmoja na shamba lake la baharini ambalo maji yamekuwa ya moto na mwani unakufa. Miezi mitatu iliyopita niligundua kuna kaka mmoja Pemba anaandika kisa hicho hicho. Bibi, mwani, maji ya moto. Nilinyamaza, nikawa naandika mbio usiku ili nimtangulie.

Leo asubuhi nimemtumia ujumbe, nikamwambia ninacho na kilipofikia. Amejibu baada ya nusu saa. Naye alikuwa anaandika mbio, kuna mtu alishamwambia kuhusu mimi.

Tunakutana Jumamosi Wete, nimeshauliza boti. Bibi wake anakufa mwishoni, wangu anabaki hai. Hapo ndipo tutakapoanzia.